Mzazi hajalipa, au hela imepotelea njiani? Utatuzi wa matatizo ya ada kwa wanaolea watoto nyumbani

Nalea watoto wa watu nyumbani kwangu Tabata, huu ni mwaka wa 12. Nilianza na wawili wa majirani, barazani, na sasa ni kituo kilichosajiliwa chenye watoto 14 na dada wawili wanaonisaidia. Wenzangu wa Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto hunipigia simu wakikwama, na simu nyingi si za homa wala za mtoto aliyegoma kula. Ni za hela. "Anti, mama yake anasema katuma, mimi sioni." "Anti, huyu ana miezi miwili hajalipa na kila siku ananiambia kesho." "Anti, nimzuie mtoto mpaka alete?"

Hilo la mwisho nalijibu kabla ya yote. Usimzuie mtoto. Usizuie begi lake, wala chupa yake, wala kadi yake ya kliniki. Mzazi akija, au mtu aliyeandikwa kwenye fomu akija, mtoto anatoka, deni liwe la elfu tano au la laki tano. Ukimfungia mtoto wa mtu umeliacha dai lako la fedha na umejitia kwenye jinai, na mbele ya afisa yeyote wewe ndiye utakayeulizwa, si mwenye deni. Mwaka wangu wa pili nilibaki na begi la mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ndani mlikuwa na pampasi tatu, kanga ya kumfunikia, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyofunguliwa asubuhi ileile. Mama alilipa kesho yake, akachukua begi, hakurudi tena. Hela yangu niliipata, lakini mtoto alikohoa usiku kucha na dawa yake iko kwangu mezani. Mpaka leo nikiikumbuka ile chupa roho inaniuma.

Haya yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, jinsi tunavyoyaona mlangoni na kwenye simu. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, maana kosa letu kubwa ni kurukia ile mbaya kuliko zote.

KAGUA HAYA KABLA HUJAMWAMBIA MZAZI NENO

Daftari la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Mistari yangu ni hii: tarehe, kilichotakiwa, kilicholetwa, njia (taslimu au simu), jina lililotokea kwenye ujumbe wa muamala, baki, saini. Hilo la jina wengi hawaliandiki, na ndilo linaloniokoa kila mwezi.

Ujumbe wa miamala kwenye simu. Usiufute. Kama simu yako inajaa, futa picha.

Karatasi ya makubaliano. Kama huna, basi nusu ya matatizo yaliyo hapa chini chanzo chake ni hicho, na hakuna maneno makali yatakayokitibu. Mkataba wa mdomo upo kisheria, lakini kuuthibitisha ni kazi. Karatasi moja inatosha: ada ni kiasi gani, inalipwa lini, kabla au baada ya huduma, saa ya kufunga, mtoto asipokuja inakuwaje, nani anaruhusiwa kumchukua, na nani anayelipa. Zitiwe saini mbili, nakala mbili.

DALILI YA 1: "NIMESHATUMA," NA WEWE HUONI KITU

Sababu ya kwanza: hela imeingia kwa jina usilolijua. Mama katumia simu ya mumewe, au ya bosi wake, au laini ya mdogo wake. Au kampa wakala taslimu, na wakala akaiweka moja kwa moja kwenye namba yako, kwa hiyo ujumbe umekuja na jina la wakala. Wewe unatafuta jina la mama Junior, wakati hela yake imeshaingia tangu juzi. Pitia ujumbe wote wa siku tatu zilizopita ukitafuta kiasi, usitafute jina.

Sababu ya pili: katuma kwenye namba yako ya zamani, au kakosea tarakimu moja. Mwombe akutumie ule ujumbe wake wa kuthibitisha, kisha soma jina la mpokeaji. Kama si lako, yeye aliyetuma ndiye anayepaswa kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wake, na apige saa hiyohiyo, kabla aliyepokea hajaitoa. Wewe huwezi kumfanyia. Mweleze kwa upole, maana naye kapoteza.

Sababu ya tatu ni ngumu kuikubali: hela iliingia, ikakatwa na deni lako mwenyewe. Kama umetumia Songesha au mkopo mwingine wa kwenye simu, hela ikiingia mtandao unakata chake kwanza. Mzazi katuma 80,000, wewe unaona salio la 46,000, unampigia kwa hasira. Angalia salio na taarifa ya miamala kwenye menyu ya mtandao wako (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx, *150*88# kwa HaloPesa) kabla hujamlaumu mtu. Dawa yake ya kudumu ni kutenga laini ya kituo, isiyokopewa wala isiyotumika kununulia vocha na luku. Lipa namba ni nzuri zaidi, kwa sababu miamala ya kazi inakaa peke yake na kila mzazi anaona jina la kituo kabla hajaweka namba ya siri.

Sababu ya nne, ambayo watu huirukia kuwa ya kwanza: ujumbe wa uongo. Ujumbe halisi huja kwa jina la huduma, si kutoka namba ya kawaida ya mtu. Ujumbe wa uongo mara nyingi una herufi zilizokaa vibaya, na salio unalotajiwa halilingani na salio lako. Usibishane na maandishi, angalia salio. Na ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," huyo si mzazi wako. Namba iliyokutumia iripoti kwenda 15040, kisha waonye wazazi wote kwamba namba ya kulipia haijabadilika.

Simama hapa: mzazi akikuonyesha ujumbe halali wenye jina lako na kumbukumbu ya muamala, na wewe huioni hela kwenye taarifa yako, msigombane. Nendeni wote wawili kwenye ofisi ya mtandao mkiwa na simu na vitambulisho. Kati yenu nyinyi wawili hakuna mwenye jibu, jibu liko kwao.

DALILI YA 2: HELA IMEINGIA PUNGUFU

Aghalabu ni ya kutolea. Wewe ulisema 80,000 ukiwa na maana ya 80,000 mkononi, yeye katuma 80,000 kamili, ukienda kutoa unakatwa. Kila mwezi unaona unadhulumiwa kidogo, na yeye anajiona kalipa yote. Andika kwenye makubaliano: "80,000 pamoja na ya kutolea," au ubebe wewe makato hayo na uyahesabu kwenye ada. Lolote kati ya hayo ni sawa, mradi lisemwe.

Inayofuata: kajikatia siku mwenyewe. Hiyo ina dalili yake hapa chini.

Ya mwisho: kalipa alichonacho, akaona aibu kusema. Usimpigie kumuuliza "mbona pungufu." Mwandikie: "Asante mama Junior, nimepokea 50,000. Baki ni 30,000. Utaimalizia lini nikuandikie?" Neno "lini" ndilo la muhimu. Akitaja tarehe, iandike na umtumie: "Sawa, tarehe 12." Sasa una maandishi yake mwenyewe.

DALILI YA 3: ANALIPA, LAKINI KILA MWEZI ANACHELEWA

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza wazazi wazuri na ndipo wabaya wanapotuzoea.

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi na hakuna anayeufanya: muulize mshahara wake hutoka tarehe ngapi. Kama ada yako ni ya tarehe 1 na mshahara wake hutoka tarehe 7, atachelewa kila mwezi mpaka mwisho wa dunia, na kila mwezi mtasalimiana kwa nyuso zilizokunjamana. Msogezee tarehe. Nimefanya hivyo kwa wazazi watano na hakuna aliyechelewa tena.

Ukaguzi wa pili: je, huyu ana mshahara kweli? Mama anayeuza mboga Ilala, mama ntilie, dada wa saluni, baba wa bodaboda, hawa hela yao ni ya kila siku. Ukimdai 80,000 kwa mkupuo unamdai kitu ambacho hakijawahi kulala nyumbani kwake. Mdai 4,000 kila asubuhi anapomleta mtoto, au 20,000 kila Jumatatu. Mzazi wangu mmoja wa genge alikuwa na deni la miezi miwili. Nilimweka kwenye malipo ya asubuhi, na elfu moja juu yake ya kupunguza deni. Alikuwa anakuja na noti zimekunjwa ndani ya leso, zina unyevu wa mchicha, ananihesabia kibarazani huku mtoto keshakimbilia ndani. Deni lilikwisha na hakuna siku tulipandishiana sauti.

Ukaguzi wa tatu: ni mwezi wake wa kwanza au wa pili tangu arudi kazini? Mama aliyeajiriwa rasmi ana siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua mapacha, ndiyo maana wachanga wengi hutufikia wakiwa na miezi mitatu hivi. Kipindi hicho mama anabanwa kila upande: nauli, maziwa, pampasi, madeni ya uzazi, na sasa sisi. Mchelewaji wa namna hii hutulia mwenyewe baada ya miezi miwili. Mpe nafasi, ila kwa tarehe iliyoandikwa.

Ukaguzi wa nne: kuna mikopo nyuma yake? Ukimwona mama anakuja amejifunika kanga usoni, simu anaizima, anakwepa njia ya barabarani, huenda ni wale wakopeshaji wa kausha damu. Wale hudai kila siku au kila wiki, na hudai kwa kelele. Wewe ni mpole, kwa hiyo unalipwa mwisho. Huwezi kushindana nao kwa kelele na wala usijaribu. Unachoweza ni kuacha kumlimbikizia deni: badilisha awe analipa kabla, wiki kwa wiki, na deni la nyuma liandikwe pembeni kwa mafungu madogo.

Hiyo ndiyo tiba inayopita zote: malipo yatangulie huduma. Anayelipa mwisho wa mwezi umemkopesha mwezi mzima wa uji, maji, sabuni na mgongo wako. Ukipokea mtoto mpya, anza naye hivyo. Wa zamani wape taarifa ya mwezi mmoja, kwa maandishi, wote siku moja, asije mtu akaona kalengwa yeye.

Sababu ya mwisho kwa uchache wake ni mzazi ambaye anayo na hataki. Utamjua kwa sababu kila ahadi ni mpya na hakuna tarehe aliyoitimiza hata moja. Kwangu, ahadi tatu za maandishi zikivunjwa, natoa barua: "Nitaendelea kumpokea mtoto hadi Ijumaa ya tarehe fulani. Baada ya hapo nafasi yake nitampa mwingine, na deni litabaki." Siku saba zinamtosha kutafuta pengine pa kumlaza mtoto. Usimfukuze mtoto asubuhi mlangoni. Mama anaweza kwenda kumwacha na mtoto wa miaka tisa, au amfungie ndani peke yake, kwa kuwa kazini lazima afike.

DALILI YA 4: "HAKUJA SIKU NNE, PUNGUZA"

Sababu: hamkukubaliana mnauza nini. Yeye anadhani ananunua siku, wewe unauza nafasi. Mwonyeshe hesabu badala ya kununa. Tuseme ada ni 80,000 na siku za kazi ni 22, siku moja ni kama 3,600. Siku nne ni 14,500 hivi. Lakini siku hizo nne kodi ya nyumba haikupungua, dada alilipwa, na kwenye godoro lake hakulala mtoto mwingine. Kilichopungua ni uji na sabuni.

Mimi nimeweka hivi na wazazi wameelewa: chini ya siku tano mfululizo hakuna punguzo. Kuanzia siku tano, kama ni ugonjwa na kuna cheti cha hospitali, nakata nusu ya siku hizo. Kwa siku tano ni 9,000. Nikifunga mimi mwenyewe kwa ugonjwa au msiba, narudisha siku zote kamili, na naanza kurudisha kabla sijaulizwa. Sikukuu za serikali hazikatwi. Wewe weka zako, lakini ziwe kwenye karatasi kabla ya mtoto kuugua.

Kuna na hili: mama anayekuja mchana kunyonyesha, akadai apunguziwe kwa kuwa yupo sehemu ya siku. Sheria ya kazi inampa muda usiozidi saa mbili kila siku wa kunyonyesha, na mimi huwa nafurahi akija, mtoto anatulia. Lakini muda huo si punguzo, na maziwa hayo hayakuwa yangu. Mwambie hivyo kwa heshima, mpe na maji ya kunywa.

DALILI YA 5: ANACHELEWA KUMCHUKUA, NA HATAKI KULIPIA

Dar hii, kwanza ni foleni. Kisha ni bosi. Kisha ni mazoea, kwamba "anti yupo tu nyumbani kwake."

Angalia kwanza kama ulishawahi kusema bei. Wengi tunanuna miezi sita bila kutaja kiasi, halafu siku moja tunalipuka. Kwangu mlango unafungwa saa 12 jioni, nampa mtu nusu saa bila gharama, baada ya hapo ni 2,000 kwa kila saa, na hela hiyo namkabidhi dada aliyebaki. Wazazi wakijua inakwenda kwa dada hawabishani. Naiandika siku hiyohiyo, natuma ujumbe siku hiyohiyo: "Mama Junior, leo ametoka saa 2:30, nimeandika 4,000 ya dada." Usisubiri mwisho wa mwezi umwage orodha ya siku tisa ambazo hazikumbuki.

Hela hii usiidai mlangoni, mbele ya mtoto. Nimeona mtoto wa miaka mitatu, viatu miguuni, begi mgongoni, amesinzia kwenye kigoda tangu magharibi, anaamka kwa sauti ya mama na anti wakigombana juu ya kichwa chake. Kesho yake alilia kuingia.

Simama hapa: ikifika saa 2 usiku, hakuna aliyekuja na namba hazipatikani, hilo si suala la malipo tena. Piga namba zote zilizo kwenye fomu. Mjulishe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mpigie afisa ustawi wa jamii wa kata, na namba 116 ya huduma kwa mtoto haitozwi. Andika saa ya kila simu. Mtoto abaki kwako, ale, alale, na watu hao wajue yuko wapi. Na akitokea mtu asiyeandikwa kwenye fomu, hata kama kaja na ada yote mkononi na anamwita mtoto kwa jina la nyumbani, mtoto haondoki naye mpaka mzazi athibitishe kwa sauti yake.

DALILI YA 6: BABA ANASEMA MAMA ANALIPA, MAMA ANASEMA BABA

Wametengana, au wako njiani. Angalia fomu: nani alitia saini kama mlipaji? Huyo ndiye mdaiwa wako, mengine ni yao. Fomu ikiwa kimya, waandikie wote wawili ujumbe mmoja wenye maneno yaleyale, taja kiasi na tarehe, usitaje habari ya ndoa.

Usiwe tarishi. "Mwambie baba yake alete" ikipitia kwako, au Mungu aepushe ikipitia kwa mtoto, utaingizwa kwenye ugomvi usioujua mwanzo wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa matunzo, na anayeona mwenzake hatimizi ana pa kwenda: ofisi ya ustawi wa jamii, na mahakama kama haikuwezekana. Mpe mama njia hiyo. Mmoja akikuagiza usimpe mwenzake mtoto, mwombe amri ya mahakama au barua ya ustawi. Kwa neno la mdomo tu usiamue, mpigie afisa ustawi yeye aamue.

DALILI YA 7: ANAGOMA KULIPA KWA SABABU MTOTO AMEUMIA

Hapa acha kabisa kuzungumza habari ya hela. Siku hiyo, wiki hiyo.

Mara nyingi ni mkwaruzo au meno ya mwenzake, na kilichomuudhi mzazi ni kuukuta mwenyewe nyumbani wakati wa kumwogesha. Tiba ni kitabu cha matukio: saa, nini kilitokea, nani alikuwepo, ulifanya nini, na mzazi asome na atie saini akija kumchukua. Piga simu mchana uleule, usimngoje jioni. Ukiwa wa kwanza kusema, mara nyingi dai la ada halitokei.

Kama jeraha ni kubwa, hospitali kwanza, na ugharamie bila kujadili nani mwenye kosa.

Na kama mzazi anasema mtoto kapigwa au kaguswa vibaya na mtu wa kwako, simama hapo hapo. Usimhoji mtoto mwenyewe, usimwogeshe, usimwite mtuhumiwa mkasuluhishane sebuleni. Ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali na afisa ustawi wa jamii, na wewe uwe wa kwanza kuripoti. Usikubali kamwe wala usipendekeze "tufute deni, yaishe." Umenunua ukimya juu ya mwili wa mtoto, na huo ni uovu hata kama ulikuwa na nia ya amani.

DALILI YA 8: AMEHAMA NA DENI

Katoweka, mtoto haji, simu inaita haipokelewi. Tuma ujumbe mmoja kwa utulivu, uliza mtoto anaendeleaje kabla ya kutaja kiasi. Nimewahi kuandika hivyo nikajibiwa kwamba mtoto yuko wodini siku ya sita. Nilimshukuru Mungu kwamba sikuanza na deni.

Kama ni kukimbia tu, hatua ni hizi. Barua ya madai yenye hesabu ya mwezi kwa mwezi, siku 14 za kujibu. Kisha serikali ya mtaa: mwenyekiti akiwaita, wengi hukaa na kupanga mafungu, na karatasi ile ya kwa mwenyekiti iwe na saini. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na utahitaji makubaliano, daftari, na ujumbe wa simu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usiufute na usibadilishe simu bila kuuhifadhi. Kama unaogopa kwenda peke yako, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, wasiotoza, na wanawake tunaweza kwenda TAWLA pia, chama cha wanasheria wanawake. Uwe na usajili wako mkononi, maana sheria inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na ukienda kudai bila usajili utaulizwa wewe kwanza.

Polisi hawakusanyi madeni. Ukimpeleka mtu kituoni kwa ajili ya ada utaambiwa ni madai, au mbaya zaidi, atawekwa ndani mama mwenye mtoto anayenyonya kwa elfu arobaini.

Na usiweke jina lake, picha yake wala ya mtoto kwenye kundi la wazazi au status. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna mtoto ambaye watu wa mtaani watamwita mtoto wa mdaiwa.

Pima pia kama inafaa. Mimi deni lililo chini ya ada ya mwezi mmoja silipeleki mahakamani, nauli na siku nilizofunga kituo zinalimeza. Naandika kiasi kwa wino mwekundu, naandika tarehe, nafunga ukurasa. Wawili wamewahi kurudi, mmoja baada ya miaka mitatu na mtoto wa pili mgongoni. Nilimkaribisha akae, nikamletea maji, nikafungua daftari lile la zamani kwenye ukurasa wake, tukaanzia pale.